Taasisi ya Nyerere na ya Mkapa: ipi inatugusa Masasi?

Mwalimu Nyerere alianzisha taasisi yake mwaka 1996, miaka 11 baada ya kung'atuka. Hiyo ni ya amani, umoja na fikra za maendeleo; ilishiriki kusuluhisha mgogoro wa Burundi.

Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa hapa Masasi, alianzisha yake 2006, mara tu baada ya kustaafu. Ilianza na UKIMWI, kisha ikapeleka watumishi wa afya vijijini.

Mimi nachagua ya pili. Nimekaa kwenye benchi la zahanati pembeni ya mama aliyembeba mwanawe kwa kanga, mtoto anachemka homa, dirisha la dawa limefungwa kwa kuwa muuguzi ni mmoja na yuko anazalisha. Pale mjadala haushushi homa. Anahitajika mtu wa pili.

Ila wote wawili waliwahi kuongoza South Centre ya Geneva, taasisi ya sera ya nchi zinazoendelea, kwa hiyo sera waliijua thamani yake. Na msimu wa korosho ukifika, mnada wa stakabadhi ghalani (korosho ziko ghalani, mkulima ameshika risiti akingoja mnunuzi) ukasuasua, natamani wanaofikiri sera waje wakae nasi ghalani, wahesabu magunia.