Filta ya hewa ya pikapu kuukuu: kagua mpira kwanza

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wenye pikapu za Toyota Hilux za zamani yanafanana kama yametoka kinywa kimoja. Gari limeisha nguvu. Likipakia magunia ya mihogo na kupanda kutoka Pakwach kwenda Nebbi, huku kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda, linatoa moshi mweusi na dereva anashuka gia hadi ya pili. Fundi ameshataja oveholi, yaani kufungua injini yote na kuifanya upya. Ukimuuliza mwenye gari filta ya hewa ina hali gani, anakujibu kwa uhakika: mpya, tena bado nyeupe.

Hiyo nyeupe ndiyo inayonitia wasiwasi. Filta iliyopita kiangazi chote, Desemba hadi Februari, kwenye vumbi la Yumbe na njia za ndani ya kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, haiwezi kubaki nyeupe. Ikibaki nyeupe, basi vumbi limepata njia nyingine ya kuingilia.

Fikiria hewa yenyewe. Injini ya dizeli iitwayo 3L, moja ya zile za Hilux za zamani, ina ujazo wa sisii (cc) 2,779. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inavuta lita 3,500 hadi 4,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Hewa hiyo hupita palipo rahisi. Ukiacha uwazi mwembamba kama ukucha kati ya filta na boksi lake, sehemu ya hewa itapita hapo pamoja na mchanga wake, na mchanga huo utasaga ringi za pistoni na kuta za silinda kama msasa. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ikishuka, nguvu haipo, na nozeli mpya za kunyunyizia dizeli hazitakurudishia.

Kwa hiyo sitapoteza muda wenu kwa karatasi, idadi ya mikunjo au rangi ya pakiti ya kuuzia. Kila mtu anaviangalia hivyo. Ninachotaka mkague ni mpira wa ukingoni, ule unaokaa kati ya filta na boksi. Huo ndio unaoziba, na ndio watengenezaji wabovu wanaoubania.

Dukani fanya hivi. Nenda na filta ya zamani mkononi. Bonyeza mpira wa ile mpya kwa kidole gumba, uachie. Mpira mzuri unarudi taratibu na kujaa. Mbovu unabaki na shimo la kidole, au ni mgumu kama soli ya kandambili. Zungusha filta yote ukitafuta mahali ambapo mpira umeungwa. Kiungo kikiwa na ufa, rudisha. Kama ni ya duara, isimamishe kando ya ile ya zamani kwenye meza iliyo sawa. Fupi kwa milimita chache tu, na kifuniko hakitaikandamiza hata ukaze nati vipi. Mwishoni ingiza tochi ndani ya filta: mwanga ukitokeza kwenye gundi inayoshika karatasi na mpira, imevunjika kabla hujailipia.

Sasa niwapangie.

Ya kwanza kwangu ni Sakura, kutoka Indonesia. Nasema wazi kwamba naipenda na nitaendelea kuisifu. Mpira wake ni mnene, laini, na vipimo vyake kwa injini za 2L, 3L na 5L vinakaa ndani ya boksi bila kulazimisha. Bei yake mwenye pikapu ya kazi anaimudu, hivyo ataibadilisha kwa wakati badala ya kuipuliza hadi karatasi itoboke.

Ya pili ni ya Toyota yenyewe, kwa wakala rasmi. Ubora wake sina neno nao. Ningeiweka juu kama bei isingewafanya watu wakae na filta moja kupita muda wake. Boksi la Toyota barabarani kwa nusu ya bei ni habari nyingine kabisa, hilo liacheni.

Ya tatu ni Mann, ya Wajerumani. Nzuri sana ukiipata ya saizi yako, ila kwa pikapu za miaka ya 1990 utazunguka soko la spea la Kisekka, Kampala, mpaka miguu iume.

Zile za pamba za kuosha na kupaka mafuta, kama K&N, vijana wanazitamani kwa sababu wamesikia zinaongeza nguvu. Dizeli isiyo na tabo (turbo) haina pa kuipeleka faida hiyo ndogo. Ukikosea kidogo kupaka mafuta, vumbi linapita. Kwa barabara zetu sizipendekezi.

Zisizo na jina, zinazoning'inizwa mlangoni kwa kamba: mpira wake haufai. Basi.

Linaloniuma zaidi ni hawa wauzaji wanaokukataza kufungua boksi. Kuna duka nililoambiwa nilipe kwanza ndipo nitazame, ati nikiifungua mteja mwingine hatainunua. Filta ninayotaka kuweka kwenye injini yangu, nisiishike mpira? Nililiacha duka lao. Wengine wanajaza filta za ovyo kwenye maboksi ya kampuni nzuri, halafu wakikuona mama umeshuka peke yako wanapandisha bei na kukuuliza fundi wako yuko wapi. Dola ikipanda asubuhi, bei imepanda kabla ya mchana. Dola ikishuka, wanakwambia huu ni mzigo wa zamani. Wanajua tumebanwa: sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo Hilux kuukuu zilizopo ndizo tutakazozitunza.

Ukishaifunga, usiamini macho. Safisha boksi lote kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuiweka, na ukague bomba la mpira linalotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini. Likiwa na nyufa, filta yoyote itakuwa kazi bure. Endesha safari moja ya vumbi. Kisha zima injini, fungua klipu ya bomba hilo upande wa baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka safi, endelea na kazi. Kikitoka na vumbi jekundu, na bomba ni zima, irudishe filta siku hiyo hiyo ukiwa na risiti na kitambaa chako. Ndiyo maana namba ya filta iandikwe kwenye risiti, kwa sababu risiti iliyoandikwa "spea 1" tu haitakusaidia muuzaji akikuambia hiyo hakukuuzia yeye.