Tulimlipa wakala amtafutie binti yetu chuo cha kikapu Marekani: uzoefu wangu

Tangu mwezi wa tisa nimeulizwa jambo hili, kama inafaa kumlipa wakala amtafutie mtoto chuo Marekani, na wazazi watatu hapa Mombasa, wawili wa Tudor na mmoja wa Changamwe. Wote wana mabinti wanaocheza kikapu, na wote wameletewa mkataba nyumbani. Nimechoka kulisimulia nusu nusu barabarani, kwa hivyo nimeliandika lote hapa.

Huduma tuliyolipia naipa nyota moja kati ya tano. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu mikataba hiyo mitatu niliyoonyeshwa inafanana na wetu karibu neno kwa neno, na afadhali mzazi ajue kuusoma mkataba wenyewe kuliko kulikimbia jina moja. Nyota hiyo moja ni ya kijana aliyetumwa kupiga video. Alikaa juani mechi nzima, hakuacha hata dakika moja, na picha zake ndizo zilizokuja kutufaa baadaye.

Binti mwenyewe ni mwana wa dada yangu. Alianza kucheza darasa la sita, kwenye uwanja wa saruji ambao kikapu chake hakina wavu. Alipoingia kidato cha nne alikuwa na sentimita 183 bila viatu. Babake ni baharia, miezi tisa ya mwaka yuko melini, basi mambo ya karatasi yakaniangukia mimi mjombake. Nafanya kliaringi, yaani kutoa mizigo ya watu forodhani, hapa bandarini mwaka wa kumi na saba sasa, na karatasi ndiyo kazi yangu. Hata hivyo nilichelewa. Wakala alimwona binti kwenye mashindano ya shule, akaja nyumbani na tableti yake, akamwonyesha dada picha za viwanja vya Marekani. Dada akatia sahihi mwezi wa pili 2023. Mimi nikauona mkataba wiki mbili baadaye.

Ulisema hivi: shilingi 85,000 papo hapo, kisha asilimia 10 ya thamani ya ufadhili wa mwaka wa kwanza. Fikirieni. Ufadhili haupewi mtoto mkononi, chuo kinajilipa chenyewe karo, bweni na chakula. Ukiwa wa dola 20,000, mzazi wa Mombasa anatakiwa atoe dola 2,000 mfukoni mwake kwa pesa ambazo hajaziona.

Lakini kilichonikosesha usingizi si hizo dola. Nilikaa usiku nikasoma kanuni za NCAA, shirika linalosimamia michezo katika vyuo vikuu zaidi ya elfu moja kule. Zinamruhusu mchezaji kumlipa mtu wa kusambaza habari zake kwa makocha, ila malipo hayo yasitegemee kupatikana kwa ufadhili. Ada iliyowekwa tangu mwanzo, sawa. Akidai fungu la ufadhili wenyewe, huyo anahesabiwa ajenti, na binti anaweza kupoteza haki ya kucheza. Yaani kile kipengele ambacho dada alikitilia sahihi akidhani kinamfungulia mtoto mlango, ndicho kingeweza kuufunga. Nimeona kontena likikaa bandarini miezi kwa herufi moja iliyokosewa kwenye hati ya shehena. Najua karatasi inavyoweza kumrudia mtu.

Nikampigia wakala. Akaniambia, "Mzee, hicho ni cha ofisini tu, hakuna anayekiangalia." Nikamjibu, kama hakuna anayekiangalia basi kifute. Ilichukua wiki tatu. Nilikataa kufutiwa kwa mdomo au kwa WhatsApp, nikataka karatasi yenye tarehe, sahihi yake na sahihi ya dada, inayosema kipengele kile ni batili tangu siku ya kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Kuhusu kazi yenyewe. Baada ya miezi miwili tulionyeshwa ukurasa wa binti ulioandikwa kwamba ana sentimita 188. Nilipouliza zile tano zimetoka wapi, nikaambiwa kila mtu huongeza. Video ya dakika mbili ilikuwa na muziki mkubwa na mwendo wa polepole, akifunga juu ya vichwa vya wasichana wafupi wa shule, hata ulinzi wake hauonekani, na ulinzi ndio mchezo wake hasa. Barua ilikuwa moja kwa makocha wote, haina hata jina la chuo. Halafu likaja la mtandio. Binti hucheza na mtandio, na tangu FIBA, shirika la kikapu la dunia, iliporuhusu vazi la kichwa mwaka 2017 hilo si geni uwanjani. Wakala akashauri zitumike picha ambazo hauonekani, ati makocha wataogopa. Binti alinigeukia akaniuliza, "Mjomba, kwani nikifika huko nitacheza na kichwa cha nani?" Siku hiyo ndiyo tuliyoamua kufanya wenyewe.

Kuna shauri lake jingine ambalo mpaka leo likinijia moyo hunienda mbio. Alisema binti akimaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, akae miaka miwili acheze ligi hapa, ajijenge jina. Kwa kanuni zilizokuwepo tulipoomba, mchezaji wa kikapu wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, alikuwa na mwaka mmoja tu wa nafasi baada ya sekondari kabla ya kuingia chuo. Ukipita, kila mwaka anaoshiriki mashindano rasmi unamkata msimu mmoja wa kucheza chuoni. Mtoto angejijenga jina huku anajipunguzia miaka ya kucheza, na hakuna ambaye angetueleza.

Wakala alikuwa akitaja Divisheni ya Kwanza pekee, ndiyo inayoonekana kwenye televisheni. Mzazi ajue ngazi zote. Divisheni ya Kwanza na ya Pili za NCAA hutoa ufadhili wa michezo. Ya Tatu haitoi kabisa wa michezo, ingawa chuo chaweza kusaidia kwa alama au kwa uhitaji. NAIA ni shirika jingine la vyuo vidogo zaidi, nalo hutoa. Halafu kuna NJCAA, ya vyuo vya miaka miwili, na hapa ndipo macho yetu yalipofunguka. Divisheni yake ya kwanza inaweza kulipia karo, bweni, chakula, vitabu, hata nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Ya pili hulipia karo na vitabu tu, bweni ni juu yako. Kwa hiyo ukiambiwa "amepata ufadhili", uliza mara moja ni wa shirika gani, ngazi gani, na unalipia nini na nini.

Tulichofanya ni hiki. Nilichukua zile picha mbichi za yule kijana, nikamlipa tena yeye mwenyewe shilingi 6,000 arekodi mechi mbili nzima kutoka juu, usawa wa katikati ya uwanja, namba ya jezi isomeke. Tukakata dakika tatu bila muziki: ulinzi kwanza, kisha mipira inayorudi kutoka kwenye ubao, kisha pasi, mabao mwisho. Chini yake tukaweka mechi nzima, ikiwemo moja waliyofungwa. Kocha mmoja alituandikia baadaye kwamba hiyo ya kufungwa ndiyo aliyoitazama mara mbili, akitaka kuona binti anafanya nini timu ikiwa nyuma kwa pointi kumi na tano.

Barua aliandika mwenyewe. Mimi nilisahihisha herufi, maneno sikuyagusa. Fupi: jina, urefu bila viatu, anacheza nafasi gani, KCSE mwaka gani, wastani wa alama, kiungo cha video, namba ya kocha wake wa shule, na sentensi mbili zinazoonyesha kwamba ameangalia orodha ya wachezaji wa chuo hicho na kuona nani anamaliza mwaka ujao katika nafasi yake. Hizo sentensi mbili zilimchukua jioni nzima kwa kila vyuo vitano. Alituma barua 62. Waliojibu 11, waliozungumza nasi kwa dhati wanne, walioleta ofa wawili. Wakala alituambia ametuma mamia. Kutoka kwake hatukuwahi kuona jibu hata moja.

Simu ya kocha wa Kansas, wa chuo cha miaka miwili alichokuja kukichagua binti, ilikuja saa tano usiku, kwao ikiwa saa tisa mchana. Tulikaa sote sebuleni, simu juu ya meza, mimi nikitafsiri kwa ajili ya dada. Dada hakuuliza habari ya kikapu hata mara moja. Aliuliza nani atamwangalia mtoto akiugua, na atakula nini. Kocha, mwanamke wa makamo, alinyamaza kidogo, akasema bwalo la chuo halina nyama ya halali na hatadanganya kwamba ipo. Kuna samaki, kuna mayai, na duka la halali liko mwendo wa dakika arubaini kwa gari, msaidizi wake angewapeleka wasichana kila baada ya wiki mbili. Kuhusu Ramadhani akasema hajawahi kuwa na mchezaji anayefunga, angependa binti amfundishe ratiba yake kabla msimu haujaanza. Mtandio alisema atauulizia kwa waandaaji wa ligi ajue utaratibu, na siku tatu baadaye akatuma jibu bila kukumbushwa. Dada alipokata simu alisema, "Huyu nimemwamini." Na mimi pia. Miezi yote ya wakala hakuna swali tulilomuuliza akakiri kwamba kitu fulani hakipo.

Karatasi sitazirefusha. Akaunti ya kituo cha ustahiki cha NCAA, ule Eligibility Center, inafunguliwa mtandaoni na mchezaji mwenyewe, ina ada yake kwa dola, na haihitaji mtu wa kati. Tuliifungua ingawa anaanzia chuo cha miaka miwili, kwa sababu siku atakapotaka kuhamia NCAA watatazama kama alistahili tangu alipomaliza sekondari, na aliyestahili masharti yake ya kuhama ni mepesi zaidi. Wanataka masomo ya msingi 16 kwa miaka minne: Kiingereza, hesabu, sayansi, masomo ya jamii na kadhalika. Basi ripoti za shule tangu kidato cha kwanza zitunzwe. Sisi ya muhula mmoja ilipotea, ikabidi niende shuleni mara tatu. Mitihani ya SAT na ACT, ile ya kuombea vyuo vya Marekani, haihitajiki tena kwa ustahiki wa NCAA tangu 2023, ila chuo chenyewe kinaweza kuitaka. Wakala alikuwa anauza masomo ya SAT kwa shilingi 40,000, na hatukuyahitaji. Mtihani wa Kiingereza binti aliufanya kwa kompyuta, chini ya shilingi 10,000, katika ofisi ya rafiki yangu yenye jenereta, maana mara ya kwanza nyumbani stima ilikatika katikati.

Viza mfanye hesabu mapema: dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wageni, na dola 185 za ombi lenyewe, hivyo ndivyo ilivyokuwa 2024. Mahojiano ni Nairobi, Gigiri. Tulipanda treni ya usiku kutoka Miritini, 1,500 kila mtu. Chuo kikitoa I-20, hati ya kuombea viza ya mwanafunzi, kile kiasi ambacho ufadhili haukifikii lazima uonyeshe pesa zake benki. Kwetu kilikuwa kidogo, nauli ya ndege na bima, na babake alikuwa ameweka mshahara wa safari nzima.

Tuliomba kurudishiwa angalau nusu ya zile 85,000. Hatukurudishiwa kitu.

Mwaka huo huo wa 2024 Madina Okot, mchezaji wa kikapu wa Kenya, alitoka Chuo Kikuu cha Zetech akaenda Mississippi State kule Marekani, kisha 2025 South Carolina, na tangu hapo kila msichana mrefu hapa mjini anaambiwa naye aweza. Aweza, mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Ndiyo sababu naumia nikiona mzazi anauza kiwanja cha Mtwapa kumlipa mtu kwa kazi ambayo binti mwenye simu, bando na kocha mwaminifu anaweza kuifanya mwenyewe kwa miezi sita. Mwenye haja na barua yetu ya mfano nitampa, na ile karatasi ya kufuta kipengele pia.

Binti yuko mwaka wa pili sasa. Dakika zake uwanjani zimeongezeka, na vyuo viwili vya miaka minne vimekwisha kumwandikia. Chuo chao hurusha mechi mtandaoni bila malipo. Zikianza saa kumi na mbili jioni kwao, majira haya ya baridi, kwetu ni saa tisa usiku. Dada hutega saa, huchemsha chai, huegemeza simu kwenye mkebe wa sukari. Kanuni nyingi bado hazijui, lakini namba ya jezi anaijua, na kocha akimtoa mtoto kupumzika, hunipigia simu kuuliza kuna nini.