Kadi za mdahalo wa kuondoa majeshi: mchezo unaishia darajani

Nasimamia chama cha mdahalo cha wanafunzi, na muhula huu mada yetu ni ile inayowatoa jasho hata watu wazima: vita vya ugenini vikikwama, jeshi libaki au liondoke? Nikaagiza kisanduku hiki cha kadi. Nimekitumia mara nne na wanafunzi 14. Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo zimeletwa na kadi nyekundu peke yake.

Nyekundu ni kadi za gharama. Kila moja inamtaka mzungumzaji, kabla hajagusa heshima ya taifa, aeleze mwaka ujao utatofautiana vipi na huu. Iliyotuwasha ni ya Obama. Desemba 2009 alitangaza kupeleka askari 30,000 zaidi Afghanistan, na katika hotuba hiyohiyo akasema wataanza kurudi Julai 2011. Binti mmoja, mkimya siku zote, akasimama: "Mwalimu, mtu akinitajia siku atakayoondoka, si namsubiri tu?" Mwenzake akamrukia: "Na asipoitaja, serikali anayoilinda itajifunza lini kusimama yenyewe?" Nikasahau kugeuza saa ya mchanga. Si hasara kubwa, maana mchanga wake hunasa katikati na sasa tunapima muda kwa simu.

Kadi za bluu, za kubaki, zimelipuliwa. Nane nzima zinasema jambo moja: damu iliyomwagika isiende bure. Vijana wangu wa upande huo waliishia kuazima methali, kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wakajibiwa papo hapo: kuoga sawa, lakini nani kasema tukae humo mpaka ngozi ikunjamane? Darasa likaangua kicheko, na alama zikaenda. Ilhali hoja nzito ya kubaki ipo, ila haimo kisandukuni: wale wenyeji waliofanya kazi na jeshi la kigeni. Ufaransa ilipoondoka Algeria mwaka 1962, Waalgeria waliopigana upande wake, walioitwa harki, waliachwa kwa wingi, na maelfu wakauawa. Kadi moja tu ya namna hiyo ingewafaa kuliko zile nane.

Lakini kinachoniudhi hasa ni kadi ya mwisho. Ina picha ya daraja juu ya mto Amu Darya, mpakani mwa Afghanistan, 15 Februari 1989, siku Jenerali Boris Gromov alipovuka na msafara wa mwisho wa jeshi la Kisovyeti. Ukiigeuza: "Mdahalo umekwisha." Umekwisha wapi! Serikali ya Najibullah, rais wa Afghanistan aliyeungwa mkono na Moscow, ambayo wengi waliitabiria kifo cha haraka, ilidumu miaka mitatu zaidi kwa sababu Moscow iliendelea kumpelekea silaha, mafuta, chakula na fedha. Muungano wa Kisovyeti uliposambaratika Desemba 1991, mrija ukakatika, na Aprili 1992 akaanguka. Sasa weka pembeni yake mwaka 2021, Marekani ilipoondoka Afghanistan. Makubaliano ya Doha ya Februari 2020 yalikuwa ya Marekani na Taliban. Serikali ya Kabul, iliyokuwa ikilindwa na Marekani, haikuwa mezani. Mafundi wa kigeni waliozihudumia ndege zake wakaondoka pia. Kabul ikaanguka 15 Agosti, ilhali askari wa mwisho wa Marekani waliondoka tarehe 30. Wasovyeti na Wamarekani wote waliondoka, ila kila mmoja aliacha nyuma kitu tofauti, na mwanafunzi anayezitegemea kadi hizi hatajua.

Kijitabu cha msimamizi kinasomeka, ingawa kinasisitiza neno "uondokaji", ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyelitamka bila kujing'ata ulimi. Tunasema kuondoa majeshi, basi.

Nimekata manila ya kijani nikaongeza kadi kumi zangu, nikaziita "Mwezi wa Sita", yaani mwezi wa sita baada ya jeshi kuondoka. Inayogombaniwa zaidi ni ya Baidoa, mji wa Somalia: Januari 2009, majeshi ya Ethiopia yalipotoka, al-Shabaab wakauchukua mji mara moja. Upande wa kubaki wanaishika kama silaha. Upande wa kuondoka wanajibu kwamba al-Shabaab walinenepa kwa kuwepo kwa majeshi hayohayo. Jumatano wiki ijayo tunairudia, pande zikiwa zimebadilishana.