Tairi mbili nilizonunua Dodoma: uzoefu wangu na zile namba nne

Kashata, yale meno ya juu ya tairi, zilikuwa bado nene. Hilo ndilo lililoniuma nilipochuchumaa kando ya barabara, kilomita chache kabla ya Gairo, nikiangalia tairi ya mbele kushoto ya Toyota Wish yangu imeota uvimbe ubavuni, mkubwa kama nusu andazi. Muda mfupi kabla ya hapo lori lililokuwa mbele yangu lilikwepa shimo ghafla, mimi nikaliingia lote. Kishindo kimoja, Mama akamwita Yesu, gari likaendelea kutembea kama hakuna kitu. Nikajua tumepona. Kisha usukani ukaanza kutetemeka.

Uvimbe wa namna ile si pancha. Ukingo wa shimo unaibana tairi kwenye rimu, nyuzi za ndani ya ubavu zinakatika, na kuanzia hapo upepo unazuiwa na mpira mtupu. Msumari ukiingia katikati ya kashata unazibwa na unaendelea na safari zako. Ubavu ukishakatika nyuzi, tairi imekufa hata kama juu inang'aa.

Sasa aibu yangu. Spea ya gari hii ni ile nyembamba ya Kijapani, ya kukusogeza tu hadi kwa fundi, imeandikwa usizidi kilomita 80 kwa saa. Inatakiwa upepo wa psi 60 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Niliibonyeza kwa kidole gumba ikabonyea. Tangu ninunue gari sikuwahi kuipima hata siku moja. Ikabidi nisimamishe bodaboda, tukaifunga nyuma kwa mpira, akaenda nayo Gairo, na baada ya karibu saa nzima akarudi nayo akiwa amempakia na fundi pancha mwenyewe.

"Shikamoo mama," kijana akamwamkia Mama kwanza, ndipo akainama kwenye tairi. "Dada, hii nikuwekee tyubu ndani, unafika Dodoma na unarudi nayo Dar."

Sina ugomvi naye, alinifungia spea vizuri na bei yake ilikuwa ya haki. Ila tyubu haiungi nyuzi zilizokatika. Inaficha tu, ukishakolea mwendo ubavu unapasuka nayo humo ndani. Nikamshukuru, tairi ikaingia kwenye buti, tukatambaa kwa mwendo wa 70 zaidi ya kilomita 100 huku mabasi yakitupigia honi.

Usiku ule, kwa tochi ya simu, ndipo nilipoisoma ile tairi kwa mara ya kwanza. Niliinunua ya mtumba Dar miaka miwili nyuma kwa sababu ya kashata zake. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna kiduara chenye namba nne: 2213. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 22 ya mwaka 2013. Nilikuwa natembea na mpira wa miaka 11 na kujisifu kwamba nimepata tairi nzuri kwa bei chee.

Kesho yake nikaanza kuzunguka, maduka matatu, si mbali na Soko la Majengo. Saizi yangu ni 195/65 R15, na nyuma yake 91H: 91 ni alama ya uzito ambao tairi moja inaweza kubeba, kilo 615, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa, ambao mimi na Mama hatuuhitaji.

Duka la kwanza lilikuwa la mitumba. 70,000 kwa moja, zimepakwa dawa nyeusi zinang'aa kama viatu vya harusi. Nikageuza ubavu: 3814. Halafu nikaona neno jingine, STUDLESS. Hizo ni tairi za Wajapani za majira ya theluji. Mpira wake ni laini ili ushike kwenye baridi kali. Kwenye lami yetu yenye jua la saa nane unalika haraka na gari linacheza kwenye kona. Nikamuuliza muuzaji theluji ya Dodoma inaanguka mwezi gani. Akacheka, akashusha hadi 55,000.

La pili walikuwa na mpya za Kichina, 160,000. Bei nzuri, na sina chuki na Mchina, dada yangu anazitumia mwaka wa tatu sasa. Shida ilikuwa kwamba zilipangwa nje kwenye jua, na namba zilisoma 4519. Mpya kabisa, zina nywele zake za kiwandani, ila zimekaa karibu miaka mitano. "Tairi haiozi, dada," akaniambia. Inaoza mwanangu, polepole: jua na hewa vinaukausha mpira, unaanza kupasuka vijistari ambavyo usipoikunja ngozi yake huvioni. Watengenezaji wengi wanasema ikishafika miaka 10 itoe hata kama kashata zipo, na kuanzia wa tano ikaguliwe mara kwa mara.

La tatu ndipo nilipoacha pesa yangu. Tairi za Thailand, 235,000 moja, zimewekwa ndani kivulini, namba 0824, na mimi nanunua Juni 2024. Ubavuni zimeandikwa Treadwear 400, Traction A, Temperature A, yaani alama za kulika, kushika barabara na kuhimili joto. Hiyo A ya joto ndiyo niliyoitafuta, maana B na C nazo zipo. Nikachukua mbili.

Hapo tukabishana. Fundi alitaka mpya zikae mbele kwa kuwa gari inavutwa na mbele. Nikasema nyuma. Kwenye maji, za mbele zikiteleza unaachia mafuta na gari linarudi. Za nyuma zikiteleza gari linageuka lenyewe, na dereva wa kawaida kama mimi halikamati. Akaniangalia kama anayetafuta mume wangu yuko wapi, lakini akafunga nyuma. Rimu ilikuwa imejikunja kidogo ukingoni, wakainyoosha. Balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) na alaimenti (kuyanyoosha yaelekee sawa) 30,000 kwa pamoja, na usukani ukatulia kweli. Walitaka pia kuniuzia upepo wa naitrojeni. Hewa tunayovuta tayari ni naitrojeni asilimia 78, nikawaambia wanijazie hiyo ya bure.

Jambo moja: walitaka kujaza psi 44 kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa kwenye tairi. Hiyo ni kikomo cha tairi. Namba ya gari lako iko kwenye stika, ukifungua mlango wa dereva.

Sasa nimezitembelea kilomita kama 9,000, ikiwemo masika nzima. Kwenye maji zinashika vizuri kupita nilivyozoea. Kwenye lami ya kokoto zina mvumo, Mama anauita nyuki. Mafuta sijaona tofauti. Zimelika sawasawa. Kwa bei ile ningezinunua tena.

Huduma ya duka naipa wastani, na sababu ni nati. Walizikaza kwa mashine hadi mwisho. Miezi miwili baadaye nilitaka kuhamisha tairi mwenyewe, nikapanda juu ya wili spana kwa miguu yote miwili, nati hazikugeuka. Toyota wanataka nguvu ya kukaza kiasi cha Nm 103 (nyutoni-mita) tu, mkono wa mtu wa kawaida na spana ndefu vinatosha. Ukifungiwa kwa mashine, walegeze kisha wamalizie kwa mkono mbele yako.

Na ile ya zamani. Wakati nalipa nilimwona kijana wa duka akiibingirisha kwenda kwenye rundo la mitumba. Bila upepo uvimbe ulikuwa umezama kabisa, ubavu umelala, kashata nene, ukiiona unatoa 60,000 bila kusita. Nikamwomba kisu. Akaniletea kinyonge, nikaichana ubavuni pale pale, mpasuo wa urefu wa kiganja, ndipo nikamwachia.