Mgogoro wa kampuni: Divisheni ya Biashara au msuluhishi?

Swali hili huibuka kila wanahisa wanapoandika mkataba Tanzania. Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara ipo tangu 1999, na ina masjala Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Usuluhishi, yaani kumpa mtu mliyekubaliana awaamulie mgogoro nje ya mahakama, nao una Sheria ya mwaka 2020.

Kwa gharama, mahakama inashinda: jaji analipwa na serikali. Msuluhishi mnamlipa nyinyi, pamoja na ukumbi. Kwa mgogoro mdogo, ada hizo zinaweza kula nusu ya mnachogombania.

Siri ni ya usuluhishi. Hukumu za mahakama husomwa na yeyote, wakiwemo washindani wako na benki yako.

Muda ndipo watu hudanganyana. Ukishinda mahakamani, mwenzako anaweza kukata rufaa Mahakama ya Rufani. Tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, haipingwi kirahisi hivyo, ila aliyeshindwa akigoma kulipa, utaipeleka mahakamani ili itekelezwe. Mahakama huikwepi!

Mdaiwa mwenye mali nje ya nchi? Mkataba wa New York wa 1958, makubaliano ya mataifa ya kutambua tuzo za usuluhishi, unaipa tuzo nguvu katika nchi nyingi kuliko hukumu ya mahakama yetu. Lakini msuluhishi hamgusi asiyesaini mkataba, wala hawezi kuifilisi kampuni. Mwanahisa mdogo anayenyanyaswa na wakurugenzi, kwa maoni yangu, aanzie mahakamani. Wabia wawili wa mataifa tofauti, wenye siri za bei, waandike kifungu cha usuluhishi mapema, kabla hawajakosana.