Kumbukumbu za Kim Philby, jasusi aliyeitumikia Moscow akiwa London

My Silent War, kilichotoka mwaka 1968, miaka 5 baada ya Philby, afisa wa ujasusi wa Uingereza aliyewatumikia Wasovieti kwa siri, kutoroka Beirut kwenda Moscow, kimeandikwa kwa lugha safi yenye kejeli, lakini kinamtaka msomaji asiyeamini kila anachoambiwa. Sehemu inayokolea zaidi ni ya Konstantin Volkov, afisa wa Kisovieti aliyejitolea mwaka 1945 huko Istanbul kuwauzia Waingereza majina ya majasusi waliojipenyeza serikalini mwao: shauri hilo alikabidhiwa Philby mwenyewe, akajivuta, na Volkov akarudishwa Moscow. Analisimulia bila majuto, kana kwamba ni kazi ya kawaida ya ofisini. Kuhusu familia yake amesema machache mno, na sidhani kwamba alisahau. Nunua toleo lenye dibaji ya Graham Greene.