Tuktuk ya matangazo kwa kampeni ya chanjo Mombasa: nyota tatu kati ya tano

Ukikodi tuktuk yenye spika za honi kutangaza chanjo Kisauni au Likoni, sauti utaipata. Maneno kufika masikioni ni jambo jingine, na hapo ndipo huduma hii inapoteza nyota mbili.

Tatizo la kwanza ni mwendo. Dereva anayelipwa kwa siku hana sababu ya kujikokota. Anataka amalize njia apate na abiria wa jioni. Akienda kilomita 30 kwa saa, tangazo la sekunde 40 humwagika juu ya mita 330 hivi. Mama aliye mlangoni Mishomoroni ataambulia "watoto wote walio chini ya..." basi. Kwa kilomita 6, mwendo wa mtu anayetembea upesi kidogo, tangazo hilohilo huishia mita 67 na analisikia lote. Andika mwendo huo kwenye mkataba, pamoja na vituo vya dakika tano penye vibanda vya maji, sokoni na stendi za boda.

Tangazo lisizidi sekunde 20. Mahali na saa vitangulie, halafu umri, halafu neno "bure", na "njoo na kitabu cha kliniki". Rekodi nyingi huanza na muziki mrefu na "chanjo ni muhimu kwa afya ya jamii", mtaa mzima umepitwa kabla haujaambiwa ni wapi. Umri nao huchanganya. Kampeni ya Julai 2025 ilikuwa na chanjo mbili: surua na rubela kwa miezi 9 hadi 59, taifodi kwa miezi 9 hadi miaka 14. Mtoto wa miaka sita anapata moja tu. Mambo kama hayo yagawe katika rekodi mbili, usiyabananishe kwenye sentensi moja.

Vifaa: honi hazibebi besi, kwa hivyo muziki mzito hugeuka mkoromo. Dai betri ya pili ya amplifaya. Ikitegemea ya tuktuk, injini ikizimwa kituoni sauti huanza kukwaruza. Kibali cha kelele kiwe mkononi kabla ya kuondoka, na spika zizimwe adhana inapoanza (hili halifai hata kuhitaji kuandikwa, lakini liandike). Vichochoro vya Mji wa Kale tuktuk haipenyi kote. Huko ni kipaza cha mkono.

Kubwa zaidi, spika haijibu maswali. Tangu mabishano ya chanjo ya pepopunda ya 2014, swali la "hii si ya kufunga uzazi?" bado huulizwa, na rekodi hupita ikaliacha hewani. Tuktuk ikibeba mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huohuo, mwenye maiki na anayejua Kigiriama au Kidigo panapohitajika, thamani yake hupanda mara moja. Bila yeye, nisingeilipia zaidi ya siku ya kuamkia chanjo na asubuhi yake.

Kwenye kituo cha chanjo, karani amuulize kila mzazi: "Umesikia wapi?" na apige mstari: tuktuk, msikiti au kanisa, redio, jirani, mhudumu. Safu ya tuktuk ikibaki tupu kufikia saa sita mchana, badilisha njia au sitisha kazi.